MWAKILISHI NA AMANA YA WANYONGE: MAZINGATIO KUTOKA WAGALLA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa madrasa zetu)



Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo,

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana wetu:

Tumetakiwa leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni katika mambo ya dini, nalo ni kazi ya mtu aliyetumwa na watu wake kwenda kuwasemea mbele ya wenye mamlaka. Tumezoea kumtaja mbunge misimu miwili tu: msimu wa kura anapotujia na ahadi, na msimu wa njaa tunapomlaumu. Baina ya misimu hiyo hatumuulizi kitu, wala hatujui amesema nini huko alikotumwa. Tumeonelea basi tusizungumze kwa maneno ya jumla, bali tukitazame kisa kimoja kilichotokea katika nchi yetu ya Kenya, tukipime kwa mizani ya dini yetu, kisha tujitazame wenyewe.

Kisa hicho ni cha marehemu Ahmed Khalif Mohamed, aliyekuwa Mbunge wa Wajir Magharibi, na swali lake juu ya Wagalla.

NCHI ILIYOSAHAULIWA

Hapana atakayeelewa uzito wa swali lile asipojua kwanza hali ya watu waliomtuma muulizaji. Sehemu ya kaskazini ya Kenya, ambayo Waingereza waliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ilitawaliwa na wakoloni kama nchi iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki ila kwa ruhusa. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Zilipopita siku 16 tu, yaani tarehe 28 Desemba, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo lile kwa sababu ya vita vya waliotaka kujiunga na Somalia. Vita vile vilikwisha mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Wajir siku ile zilipotangazwa alifikia umri wa kuoa na kuwa na watoto wake ilhali bado hajaishi chini ya sheria wanazoishi Wakenya wenzake.

Ikaongezeka na jambo la pili. Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliopanga njia ya maendeleo ya taifa. Ulielekeza kuwa fedha za maendeleo ziwekwe zaidi mahali penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, penye barabara na watu walio tayari kwa maendeleo, kwa kuwa huko ndiko zitakakozaa haraka. Kisha faida yake iwafikie wengine. Hoja hiyo kwenye karatasi ina sura ya hesabu njema. Lakini mfugaji wa ngamia katika nyika ya Wajir, asiyekuwa na mvua wala lami, aliambiwa kwa lugha ya kiserikali kuwa asubiri. Akasubiri, na wanawe wakasubiri.

Basi huyu ndiye mtu ambaye mbunge wake alikuwa akimsemea: ni mchache kwa idadi, yuko mbali na mji mkuu, lugha yake si lugha ya wakubwa, na sheria inayomhusu si ile inayowahusu wenzake.

SIKU ZA WAGALLA

Alfajiri ya Ijumaa ya tarehe 10 Februari 1984, majeshi ya usalama yalianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika Wajir na vitongoji vyake. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kuwanyang'anya silaha, kwani kulikuwa na mapigano baina ya koo. Wakachukuliwa hadi kiwanja cha ndege cha Wagalla, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini Wajir. Humo kiwanjani, ndani ya ua wa waya, walivuliwa nguo na kulazwa juu ya ardhi chini ya jua kali, bila ya chakula wala maji, kwa muda wa siku kadhaa. Walionusurika wameeleza jinsi wenzao walivyopigwa, walivyochomwa moto na walivyopigwa risasi walipojaribu kutoka. Maiti wengi walibebwa kwa malori wakatupwa porini.

Ndugu zetu, hatuyasimulii haya ili tuamshe chuki. Tunayasimulia kwa sababu dini yetu imeufanya ushahidi kuwa amana, na Qur'ani katika Surat Al-Baqarah, aya ya 283, imetufundisha kuwa mwenye kuuficha moyo wake huingia katika dhambi.

Na katika uadilifu wa ushahidi ni kumtaja kwa wema aliyetenda wema, hata kama hakuwa wa dini yetu. Alikuwapo Wajir mama mmoja wa Kiitaliano, Mkristo wa madhehebu ya Kikatoliki, jina lake Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu. Mama huyu alitoka na wenzake kwenda porini kuwatafuta majeruhi na kuwakusanya maiti, na habari za Wagalla zikaufikia ulimwengu kwa msaada wake. Baadaye aliondoka Kenya akaendelea kuwatibu Wasomali kwao, mpaka akauawa huko Borama mwezi wa Oktoba 2003. Tunamtaja hapa ili kila mmoja wetu ajiulize: je, sisi tungetoka?

SWALI BUNGENI

Katika hali hiyo ndipo Ahmed Khalif aliposimama Bungeni mwaka ule ule wa 1984, akaitaka Serikali ieleze yaliyotendeka Wagalla.

Tuufikirie wakati wenyewe. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja. Jaribio la kuipindua Serikali la Agosti 1982 lilikuwa bado bichi katika vichwa vya watawala. Magazeti yalijua mipaka yake. Mbunge asingeweza kubaki mbunge ikiwa chama hakimtaki, kwa kuwa hapakuwa na chama kingine cha kukimbilia. Naye alikuwa Msomali na Mwislamu, anayetoka mkoa ambao kila mtu wake alitazamwa kwa jicho la shaka, kana kwamba uraia wake ni wa kuazima. Mtu wa namna hii akinyamaza, watu humtafutia udhuru. Yeye hakuutaka udhuru huo.

Serikali ilijibu kuwa waliokufa ni watu 57.

Huenda mtu akasema: kwani swali lile lilifaa nini? Waliokufa hawakufufuka, na wakubwa hawakushitakiwa. Jawabu letu ni kwamba neno linalosemwa Bungeni si kama neno linalosemwa barazani. Huandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, nazo hazifutwi kwa kupita kwa serikali wala kwa kufa kwa msemaji. Kabla ya swali lile Wagalla ilikuwa ni uvumi wa nyikani. Baada yake ikawa ni jambo ambalo Serikali yenyewe imekiri kuwa lilitokea, na ugomvi ukabaki katika idadi na katika dhamana.

Na tazameni idadi ile ilivyokwenda. Mwaka 1984 zilikuwa roho 57. Mwaka 2000 swali lilirejeshwa Bungeni, na safari hii Serikali ikataja watu 380. Kisha Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasikiliza walionusurika na wajane huko Wajir kwenyewe, ikatoa ripoti yake mwezi wa Mei 2013, ikaeleza kuwa waliouawa wanakaribia 1,000. Wako wenyeji wanaotaja idadi kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2014 ukazinduliwa mnara wa kumbukumbu mjini Wajir, na tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama mbele ya Bunge, akaomba radhi kwa niaba ya Serikali yake na zilizotangulia kwa dhulma zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wahanga wa dhulma hizo.

Hatusemi kuwa haki imetimia. Kutangazwa kwa mfuko ni jambo moja, na mjane kupokea haki yake mkononi ni jambo jingine, na wazee wa Wajir wameendelea kulidai hilo mwaka baada ya mwaka. Tunasema kwamba kamba hii yote, kutoka 57 hadi karibu 1,000, na kutoka kukana hadi kuomba radhi, ncha yake moja imefungwa kwenye swali la mtu mmoja aliyesimama wakati ambapo kukaa kulikuwa ni salama zaidi.

Ahmed Khalif alipata pia kuwa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, yaani SUPKEM. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi, na hakukaa katika wadhifa huo ila siku chache. Tarehe 24 Januari 2003 ndege aliyopanda ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka Busia, akafariki dunia. Hakuiona Tume wala mnara, wala hakuusikia msamaha ukiombwa katika jumba lile lile aliloulizia swali lake. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe makosa yake, kwani hapana mwanadamu asiye na makosa.

MAFUNDISHO YA HAWAZIN

Sasa tuje kwenye mizani. Je, Uislamu una neno juu ya mtu wa kuwasemea watu?

Amepokea Imam Bukhari katika Sahihi yake, katika Kitabu cha Hukumu, mlango alioutaja kuwa ni mlango wa ma'arifu wa watu. Baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, ulimjia Mtume (s.a.w.) ujumbe wa kabila la Hawazin wakiwa wamesilimu, wakiomba warudishiwe mateka wao na mali zao. Akawataka wachague kimoja katika viwili. Wakachagua watu wao. Mtume (s.a.w.) akasimama mbele ya Waislamu, akawaeleza kuwa ameona awarudishie, na akawaomba watoe kwa radhi ya nafsi zao. Watu wakaitikia kwa sauti moja kuwa wameridhia.

Hapa ndipo penye mazingatio. Mtume (s.a.w.) hakutosheka na kelele za umati. Aliwaambia kuwa hawezi kujua kwa njia hiyo ni nani aliyeridhia na ni nani asiyeridhia, basi warejee mpaka ma'arifu wao wamletee habari yao. Watu wakarudi, ma'arifu wakazungumza na kila kundi, kisha wakaja kumweleza kuwa wameridhia kweli.

Neno 'arifu linatokana na 'arafa, yaani kujua. Wanavyuoni wamelieleza kuwa ni mtu anayesimamia mambo ya kundi la watu, anayezijua hali zao na kuzifikisha kwa mtawala. Basi sifa ya kwanza ya mwakilishi imo ndani ya jina lake lenyewe: anajua. Anajua kisima gani kimekauka, zahanati gani haina dawa, na kijana gani amenyimwa kitambulisho. Asiyejua hayo, hata akiwa fasaha wa kusema, si 'arifu.

Sifa ya pili ni kuwa kazi yake ni kuipaza sauti ambayo kelele za wengi zimeifunika. Huenda katika umati ule wa Hunayn alikuwapo maskini mmoja pembezoni ambaye hakuridhia, na akaona haya kusema. Mtume (s.a.w.), ambaye lau angeamrisha wote wangetii, aliisimamisha shughuli nzima kwa ajili ya huyo mmoja. Je, si zaidi sisi?

Na ili mwakilishi asijione amefika, Abu Daud amepokea hadithi, ingawa wanavyuoni wamezungumza juu ya upokezi wake, yenye maana kuwa ma'arifu ni jambo la haki na watu hawana budi nao, lakini ma'arifu wenyewe wamo hatarini mwa moto. Maana yake imeeleweka kuwa ni onyo kwa anayeichukua amana hii kisha akaifanyia hiana.

TUJITAZAME WENYEWE

Ndugu zetu wapendwa, ingekuwa ni rahisi tumalizie hapa kwa kuwasifu waliotangulia na kuwalaumu wabunge wa leo. Lakini tutakuwa tumejidanganya.

Jambo la kwanza: sisi ndio tunaomtuma mbunge, basi tunamtuma na nini? Akija kwetu tunamwomba mchango wa harusi, karo ya mtoto mmoja, shuka za msikitini. Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza: katika mwaka huu umeuliza maswali mangapi Bungeni, na juu ya jambo gani? Aliyenunua kura yetu kwa kilo mbili za unga amekwisha kutulipa, na hana deni letu tena. Tukikosa zahanati kwa miaka mitano, tujue kuwa bei yake tumekwisha kuila.

Jambo la pili: sheria za leo zimefungua milango ambayo wazee wa Wajir hawakuwa nayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 119, imempa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka ya Bunge. Kifungu cha 204 kimeweka mfuko wa usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Na tangu mwaka 2013 ziko kaunti 47 zenye mabunge yao. Tuna walimu wanaojua kuandika na tuna vijana wanaosoma sheria. Ombi la kurasa mbili, lenye majina na sahihi na maelezo ya kweli, ni silaha bora kuliko khutba 100 za kulalamika.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: sisi tunaodai kuwa ni wachache tulioonewa, je, hatuna wachache miongoni mwetu tunaowaonea?

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja, aliyezaliwa hapa hapa na wazazi waliotoka kaskazini, alikwenda ofisi moja kuomba kitambulisho. Akatakiwa alete cha baba, akaleta. Akatakiwa alete cha babu, na babu alikuwa kaburini. Akaenda na kurudi mara nyingi mpaka nafasi ya chuo ikampita. Alipotusimulia tulikasirika sana, tukasema hii ni dhulma. Nayo ilikuwa dhulma. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kuondolewa kwa ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakiwekewa watu wa mipakani.

Lakini wakati tulipokuwa tukikasirika, walikuwapo hapa hapa pwani ndugu zetu Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakaishi vizazi na vizazi bila ya uraia. Iliwabidi waende kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba waliokuwa wakivua nasi bahari moja hawakutambuliwa mpaka mwaka 2023. Wako Waaweer wa msitu wa Boni huko Lamu, ambao wengi wetu hatuwajui ila kwa jina la dharau. Ni msikiti gani uliowaandikia ombi? Ni madrasa gani kati ya zetu iliyomkemea mtoto aliyemcheka mwenzake kwa kabila lake? Sisi tunaosema haya tunajihesabu miongoni mwa walionyamaza, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tuwe wasimamizi madhubuti wa uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Aya haikuanza na maadui. Imeanza na nafsi.

MWISHO

Tunapendekeza basi mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Kila madrasa iwe na daftari moja la shida za kijiji chake: maji, afya, ardhi, vitambulisho, liandikwe kwa ukweli, bila ya kuongeza chumvi, na liwahusu wakazi wote, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Kila baada ya miezi mitatu wazee walipeleke kwa mwakilishi wa wadi na kwa mbunge, wawaulize walilolifanya lile la kwanza. Na wanafunzi wetu wakubwa wafundishwe kuandika ombi rasmi kama wanavyofundishwa kuandika insha ya Kiarabu.

Na atakayetumwa na watu wake akasimama kusema neno la haki, tusimwache peke yake. Tumwombee dua, na tumshuhudie pale tunapojua kuwa amesema kweli.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa Wagalla na uwape subira waliowaacha. Tujaalie tuwe watu wa kushuhudia kwa haki, na usitujaalie kuwa wenye kudhulumu baada ya kudhulumiwa. Aamiin.

Wabillaahit-tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.